Walichokwenda Kuulizia Ipole

Jirani yetu alirudi kutoka Ipole na ndoo ya asali, akaiweka katikati ya sebule ya kaka yangu, akasema asali ni nzuri lakini ukoo una walakini. Alisema hivyo kabla hata hajakaa. Mimi nilikuwa nimepita tu kuchukua kanzu ya mume wangu, maana kaka ni mshonaji wa kanzu, na nikajua palepale kwamba siondoki upesi.

Desturi yenyewe naijua tangu utoto. Binti akiposwa, sisi wa Tabora mjini hatujibu kitu mpaka mtu ametumwa kwa kina mchumba kuulizia. Hatumwi ndugu, kwa kuwa ndugu hujulikana kwa sura na huenda akaona haya. Anatumwa jirani mwenye mdomo mtamu na jicho kali, naye huenda kwa gia ya mnunuzi. Kama wakwe watarajiwa wanalima mpunga, ataulizia mchele. Kama ni wafuga nyuki, ataulizia asali. Ataomba maji ya kunywa ili alione jiko lao. Atasifia watoto ili waitwe wote, asiyeitwa ajulikane. Kisha atapita kwa jirani yao asiyeelewana nao vizuri, na hapo ndipo atauliza aliyotumwa: ukoo huu una wazimu? Una ukoma? Una wachawi? Una kifafa? Wanaoulizwa wanajua fika kwamba hakuna mtu anayetoka Tabora mpaka Ipole kwa ajili ya ndoo moja ya asali, ila adabu ni kujifanya hujui.

Safari hii jibu lilikuwa kifafa. Kijana mwenyewe ni mzima, fundi wa umeme wa jua, mtu wa swala zake, na binti wa kaka yangu alikuwa amekufa ameoza kwake. Lakini dada wa yule kijana huanguka. Jirani alimwona kwa macho yake, ana kovu la moto kuanzia kwenye kiwiko hadi kiganjani, na yule aliyeulizwa alieleza bila kusita kwamba msichana aliangukia moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Jirani alilieleza kovu lile kwa kulipima kwenye mkono wake mwenyewe. Wifi yangu, mama wa binti, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga.

Kaka aliweka mkasi chini, akanigeukia. Aliniambia kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ukoo utakaa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha baiolojia maisha yangu yote, nije niwaeleze kitaalamu jinsi ugonjwa huu unavyorithiwa. Hakuuliza kama unarithiwa. Alitaka niwaeleze jinsi.

Nilikasirika, na nisingependa kuficha. Hasira yangu ilikuwa na sababu ambayo pale sebuleni hakuna aliyeijua. Wiki ileile nilikuwa naandaa somo la kuwafundisha walimu wanafunzi chuoni, nilikoalikwa kama mstaafu anayefikiriwa bado ana akili, na somo lenyewe lilikuwa historia ya eujeniki, yaani ile sayansi ya zamani iliyodai kwamba binadamu wanaweza kuboreshwa kwa kuchaguliwa wazazi, kama tunavyochagua jogoo wa mbegu. Usiku na mchana nilikuwa nasoma habari za wale mabwana. Mmoja Uingereza alipima vichwa na mikono ya watu, akahesabu familia zenye watu mashuhuri, akahitimisha kwamba akili inakaa kwenye damu, na kwamba waliojaliwa wazae zaidi na wengine wazae kidogo. Hakujiuliza kwa nini mtoto wa jaji anakuwa jaji na mtoto wa mchimba makaa anakuwa mchimba makaa. Au alijiuliza, jibu likamkera.

Wazo lile lilivuka bahari. Marekani walifika mahali pa kushindanisha familia kwenye maonyesho ya kilimo, jirani na ng'ombe na mahindi, na familia iliyoonekana bora ikapewa tuzo. Lakini kilichonikaa rohoni ni wale waliotumwa majumbani. Walifundishwa, wengi wao wasichana wasomi wenye maneno mazuri, wakaenda mlango kwa mlango kuuliza habari za ukoo. Asiyekuwepo aliulizwa kwa jirani yake. Marehemu walitajiwa magonjwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Kisha ukachorwa mti wa ukoo, na kila aliyesemekana kuwa na kifafa, wazimu, ulevi au hata umaskini tu, akatiwa alama. Kwa alama hizo zikatungwa sheria: huyu asioe, huyu afungwe kizazi. Ujerumani walizipokea fikra hizo kwa mikono miwili, na huko hawakuishia kwenye kizazi, waliua walemavu kwa maelfu, madaktari wakisimamia.

Kwetu nako walipita. Wazee wetu wapagazi, waliobeba pembe na vitambaa kutoka hapa hadi pwani, waliandikwa vitabuni kuwa ni kabila lililoumbwa kwa mizigo, kana kwamba mtoto alizaliwa na sugu begani. Baadaye, enzi za ukoloni hapa Afrika Mashariki, wakaja madaktari wa kupima ubongo wa Mwafrika na kutangaza kwamba ni mdogo. Nilipanga kuwaambia walimu wale vijana kwamba wapo wataalamu waliopinga tangu mwanzo, walioonyesha kwamba urithi si hesabu ya kujumlisha na kutoa, na kwamba neno "bora" kila mara lilimaanisha yule anayeshika kalamu. Niliona nimelielewa somo vizuri. Halafu nikakaa sebuleni kwa kaka yangu nikamsikiliza jirani yetu na ndoo yake ya asali.

Kesho yake asubuhi binti akaja kwangu. Huwa anaingia akicheka, siku hiyo aliniamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa, nikamwitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Alijua kila kilichosemwa. Katika nyumba zetu pazia halizuii maneno. Alisema baba yake hatamsikiliza yeye, wala mama yake, ila mimi atanisikiliza.

"Shangazi, waambie haurithiwi. Neno moja tu. Wewe ukisema wataamini."

Nilimwambia siwezi. Kifafa kina njia nyingi. Mtoto anaweza kukipata akichelewa kutoka tumboni, au kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa kugonga kichwa, au kwa minyoo ya nguruwe inayofika kwenye ubongo. Kipo pia kinachotembea katika damu, na hata hicho mara nyingi huwaacha watoto wazima kabisa. Cha wifi yake wa Ipole ni kipi, mimi sijui, na huenda daktari naye asijue. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema yote hayo ni marefu, na baba yake ataondoka na kipande kimoja tu. Alikuwa na haki. Nilimpenda sana asubuhi ile na nilitamani kusema uongo, maana alinitazama kama mtu aliyekwishaanza kufiwa.

Alipoondoka nilibaki na jambo ambalo sikumwambia. Katika nyumba ya baba yake, kwenye chumba cha uani, anaishi dada yetu mkubwa. Sisi tumezaliwa watatu: yeye, kaka, na mimi kitinda mimba. Dada huanguka tangu akiwa mtoto. Anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka, kisha analala. Nyumbani haikuitwa kifafa hata siku moja. Iliitwa jini, tena jini wa heshima, wa Kiarabu, anayetaka marashi na ubani, na mama yetu alikuwa akimpikia halua. Dada hakuolewa, ilisemekana jini ana wivu. Hata mimi, mwenye shahada, niliyempeleka mwenyewe kliniki nikiwa mtu mzima akaanza vidonge na kuanguka kukapungua sana, nikiwa pale nyumbani nilisema dada anaumwa vichwa. Kifafa ni ugonjwa wa watu wengine.

Na kulikuwa na la zaidi. Kaka alipotaka kuoa, waliotumwa kutuulizia walikuja wakijifanya wanatafuta fundi wa vitanda, maana baba yetu alikuwa seremala. Habari za ujio wao zilitangulia, kama kawaida ya mji huu. Alfajiri ile baba alimpakia dada kwenye baiskeli akampeleka Ntalikwa kwa shangazi yetu, dada akakaa huko kulima viazi hadi ndoa ikafungwa. Wageni waliomba maji, wakatusifia, wakatuita wote. Tukaitikia wawili. Wifi alipomkuta dada nyumbani baadaye, aliambiwa kwamba jini lilimpanda huko shambani, mwaka uleule.

Alhamisi nilikwenda kumwona dada. Nilimkuta anapeta mchele uani. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kikao kitakavyokuwa na nilichofikiria kusema, na nikamwambia kama hataki, nitanyamaza na nitatafuta njia nyingine. Sikuwa na njia nyingine. Aliendelea kupeta, akapuliza makapi, akaokota kijiwe akakitupa.

"Siri si yangu mimi," alisema. "Mimi sikujificha. Nilifichwa."

Nilimuuliza kama hiyo ni ruhusa. Akasema wali wa kesho ni wa watu wengi, nikiweza nimletee nazi.

Ijumaa tulikaa. Kaka kwenye mkeka karibu na mlango, baba yetu mdogo kwenye kiti kwa ajili ya magoti yake, wifi na jirani upande mmoja, mimi upande wa pili. Binti alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na kila mtu alijua yuko nyuma ya pazia. Dada alikuwa akiingia na kutoka na sahani. Nilijua nikikosea neno, binti yule ataambiwa hapana siku hiyohiyo, na kwetu hapana ya ukoo hairudi nyuma.

Jirani alieleza upya aliyoyaona, na kovu likazidi urefu. Baba mdogo akasema mwalimu aseme. Nikayasema yote niliyomwambia binti, taratibu, kwa haki, la uzazi na la homa na la minyoo, na la damu pia, kwa sababu lipo. Nikasema kwamba dada wa mtu kuwa na kifafa si hukumu kwa watoto wa mtu huyo. Wengi mno huzaliwa na kufa bila kuanguka hata mara moja.

"Kwa hiyo unarithiwa," jirani alisema, akamtazama kaka.

Nilitaka kumtupia ile ndoo. Nikawaeleza basi habari za wale wa ng'ambo, walioanza kwa kuuliza majirani tu, kwa nia njema tu, na walikofika. Baba mdogo alitikisa kichwa, akasema hayo ni ya wazungu, wazungu hupitiliza. Sisi hatuui mtu, tunachagua tu. Nikamjibu kwamba wao pia walianza kwa kusema wanachagua tu. Nikaongeza kwamba mji wetu huu ulijengwa na wapita njia, na tukifuata bibi zetu nyuma, tutaishia kwa mwanamke aliyeachwa na msafara njiani hana wa kumtaja, sasa hiyo damu safi tunayoilinda tuliipimia wapi. Hapo nilikosea. Baba mdogo alikunja uso, kwa kuwa habari za nani aliletwa na msafara gani huwa hazisemwi mchana, na niliona kabisa kikao kinanitoka mikononi.

Kaka ndiye aliyesema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele za jirani. Kaka yangu si mtu mbaya. Alisema hamchukii yule kijana. Alisema ni binti yake wa pekee, na hataki aishi maisha ya kumchunga mtoto kila anaposogelea jiko, kulala sikio moja wazi usiku kucha akisikilizia kama kuna meno yanayosagana, kutembea na kijiko mfukoni asije akajiuma ulimi.

Wifi akageuka akamtazama.

"Baba, meno yanayosagana umeyajulia wapi?" aliuliza.

Nami nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nilimuuliza kaka mbele ya wote: siku walipokuja kutuulizia sisi kwa ajili ya ndoa yake, dada alikuwa wapi?

Baba mdogo alisema astaghafirullahi, taratibu, akiangalia mkeka. Dada alikuwa mlangoni na sinia la maji ya kunawa, na yeye ndiye aliyejibu. Alisema alikuwa Ntalikwa. Alisema alipelekwa kwa baiskeli, na kwamba alianguka njiani, baba akamngoja azinduke, wakaendelea. Alisema amekuwa akianguka tangu hajajua kusoma. Kisha akaweka sinia chini na kuanza kumnawisha baba mdogo, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Sijui nilitegemea nini kwa wifi yangu. Labda kilio. Aliuliza tu kama ni kifafa, nikamwambia ndiyo, ni kifafa, na lile neno likasikika mara ya kwanza katika nyumba yetu likimhusu mtu wetu. Jirani alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

"Ningeambiwa, ningekataa," wifi alisema. "Na baba yangu angekataa. Nisingeolewa hapa."

Alisema kwa uaminifu, bila hasira, kama mtu anayekadiria kitambaa. Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana macho yake yalikuwa yameangukia kwenye pazia, na chini ya pazia zilionekana nyayo za binti yake, zina hina iliyopauka. Hakuna aliyemweleza alichokuwa amekisema kuhusu mwenye nyayo zile. Nilimwona akikifikia mwenyewe, akarudi nyuma, akakifikia tena. Kaka naye aliziona nyayo zile. Akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakamtetemeka, na binti akatoka nyuma ya pazia akasimama katikati yetu hajui aende kwa nani.

Hakuna hotuba iliyofuata. Kaka alipoweza kusema, alimwambia jirani kwamba arudi Ipole, safari hii bila kununua kitu, akawaambie waje. Baba mdogo hakupinga. Aliomba tu chakula kiletwe.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalinyooka pale. Wifi hakunisemesha kwa wiki kadhaa, na kwa kaka alikuwa akiweka chakula mezani bila kukaa. Nilimwelewa. Alidanganywa na watu aliowaita wazazi, na mimi niliyemwambia ukweli nilimwambia kwa ajili ya mtu mwingine, si kwa ajili yake. Binti alikuwa na furaha ya kuibaiba, akikohoa kila anapotaka kucheka na simu yake. Somo langu la walimu nililifundisha, walinipigia makofi, na nilirudi nyumbani nimechoka nikaogopa kupita kwa kaka.

Siku ya kuwapokea wageni wa Ipole nilikwenda mapema kusaidia jikoni. Yule msichana mwenye kovu alikuwa anakuja na wenzake, walikuwa wametuma salamu kusema hivyo waziwazi, kama watu wanaotaka jambo liishe mapema. Dada alikuwa anamenya vitunguu saumu. Wifi alikuwa anakuna nazi, kimya, kwa nguvu, machicha yanaruka nje ya sinia. Nilichukua kisu nikatafuta cha kufanya. Mbuzi ya kukunia ikanyamaza, nikadhani nazi imekwisha.

"Wifi," alisema mke wa kaka, na hakuwa akiniita mimi. "Ukianguka, unasikia maumivu?"

Dada alimtazama. Walikuwa wameishi nyumba moja tangu binti hajazaliwa.

"Nikianguka sijui kitu, huwa sipo," alisema. "Kinachouma ni kuzinduka. Nafumbua macho, nakuta nyote mmesimama kule."